Mupira mupya wenye kuzeeka mbele ya kazi

Mupira wa kamyo ya karyeri unaweza kuharibika mbele ya kuonja njia. Unatoka ku kiwanda, unavuka bahari, unashuka Durban ao Dar es Salaam, unapanda Zambia juu ya trela, unaingia Kasumbalesa, duane inalipwa, kisha unafika ku shantie. Kule banauweka nyuma ya garaji, pembeni ya ukuta, na maisha inaendelea. Jua la mwezi wa 9 na wa 10 linaupiga. Mvula ya mwezi wa 12 inaingia ndani na kukaa. Siku ule mupira unaombwa, mwaka moja ao miwili imepita, na magaziniye anaandika neno moja tu mu kitabu chake: mupya.

Ni juu ya neno ile tunataka kuzungumuza leo. Sababu mwenye kupanda juu ya ule mupira haiko magaziniye. Ni shofere mwenye kushuka mu shimo na kupanda tena na mawe, muchana ao usiku, na nyuma yake kuko bibi na batoto benye kumungojea ku nyumba. Ni mekanisie mwenye kuinama pembeni wakati hewa inaingia. Kwa hawa batu, kujua kama mupira ulilala wapi na ulilala namna gani ni jambo ya maisha yao.

Tuangalie kwanza ukubwa, juu ya benzetu ku nyumba benye hawajafika karibu na mashini hizi. Kamyo yenye inabeba tani karibu 100, sawa ile Caterpillar 777 yenye bengi banaijua, inatembea na mipira 6: 2 mbele, 4 nyuma. Saizi yake inaandikwa 27.00R49. Mupira mumoja unapita mutu murefu, unafika karibu meta 2.7, na uzito wake unapita tani moja na nusu. Ndani banaweka hewa ya karibu bari 7. Mu dunia kuko ingine mikubwa zaidi, ya meta 4, yenye bei yake inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hata hii ya kwetu, ukiharibu mumoja kwa uvivu wa kuufunika, umeharibu franga yenye ingelipa bafanyakazi bengi mwezi mzima.

Jua la huku juu

Batu banasema mara mingi: mupira ni mweusi, ni mugumu, ulitengenezwa juu ya mawe, jua litaufanya nini? Swali ni nzuri. Weusi wa mupira unatoka mu masizi yenye banachanganya na raba ku kiwanda, na kweli yale masizi yanakamata sehemu kubwa ya nguvu ya jua mbele haijaingia ndani. Bila masizi mupira ungepasuka haraka sana. Lakini kazi ya masizi iko na mwisho, na weusi uko na ubaya wake: unakusanya joto. Gusa mupira saa 8 ya muchana mu mwezi wa 10, utatoa mukono haraka. Hewa inaweza kuwa digrii 33, lakini ngozi ya mupira inaweza kupita digrii 60. Benye kutengeneza mipira banaomba ilindwe chini ya digrii 35, na wanapenda zaidi chini ya 25. Mafundi ba raba bako na hesabu yao ya haraka: kila wakati joto inapanda digrii 10, raba inazeeka karibu mara mbili mbio zaidi.

Halafu tuko mahali pa juu. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya bahari, Kolwezi inapita 1,400. Kila ukipanda meta 1,000, ile nuru ya jua yenye kuchoma, yenye macho haiione, inaongezeka karibu asilimia 10. Na sababu tuko karibu na mustari wa digrii 11 kusini, mu mwezi wa 10 jua la saa 6 linapita juu kabisa ya kichwa. Njo mwezi wa joto kali, mvula haijaanza sawasawa, mawingu ni kidogo. Kama depo inataka kuchagua wakati moja tu wa mwaka wa kuangalia mipira yake, ichague mwisho wa mwezi wa 8, mbele jua ile haijafika.

Adui mwingine haonekani: ni ozoni. Ni hewa, ndugu ya ile tunapumua, yenye jua linatengeneza na yenye cheche za umeme zinatengeneza pia. Ni kidogo sana mu hewa, mutu hatasikia kitu. Lakini raba inasikia. Raba ya mipira mikubwa inatoka kwa sehemu kubwa mu maziwa ya muti, sababu raba ya kemikali peke yake inapata joto mingi wakati kamyo inatembea na muzigo. (Ile raba ya muti leo inatoka zaidi Thailand na Indonesia. Zamani ilitoka kwetu, mu mikamba ya pori, na bababu betu ba Equateur balilipa bei yenye hakuna Mukongo mwenye hajaisikia.) Ozoni inashika raba ya muti na kukata nyuzi zake ndogo ndogo, moja kwa moja.

Sasa angalia jambo lenye bengi hawajui. Ozoni inapasua zaidi raba yenye imevutwa. Raba yenye imepumuzika, bila kukunjwa, inateseka kidogo. Raba yenye imekunjwa, imelaliwa ao imevutwa, inafunguka nyufa, na zile nyufa zinakata ile njia raba inavutwa, sawa mukono ukivuta kitambaa cha zamani. Njo maana namna ya kuweka mupira ni kubwa sawa kuufunika. Mupira wenye umeegamishwa vibaya ku ukuta, wenye unalaliwa na mingine tatu juu yake, ule mupira tayari umeombwa kupasuka.

Mupira wenye kulala

Ku kiwanda banaweka dawa mu raba: nta, ndugu ya ile ya buji, na kemikali za kupiganisha ozoni. Dawa hizi zinatoka ndani polepole na kufika ku ngozi ya mupira. Mupira wenye kutembea unajikunja kila wakati, unapata joto kutoka ndani, na ule mukunjo unasaidia dawa kupanda juu. Mupira wenye kusimama inje unabaki na dawa kidogo ku ngozi, na ile kidogo jua linaichoma, mvula inaiosha. Kwa hiyo kuko mambo yenye inaonekana sawa mafumbo: mupira wenye ulitumika miezi 6 unaweza kuwa na mbavu nzuri kuliko ndugu yake wenye ulikaa miaka 2 nyuma ya garaji bila kugusa kazi.

Mara ingine utaona rangi ya kahawia ku mbavu za mupira, sawa kutu. Batu banaogopa, ao banaenda kusugua na esansi. Tafazali, bandugu, muiache. Ile kahawia ni dawa yenyewe yenye imefika ku ngozi. Ukiisugua na esansi ao mazuti, umetoa kinga, na tena umetia sumu. Mafuta na mazuti vinaingia mu raba, inavimba, inalegea. Ile tabia ya kupakaa mafuta ya moteri ya zamani juu mupira ungale ni tabia ya kuuzisha. Kazi ya kulinda haiko pale.

Nyufa zenyewe, mutu atazijua namna gani? Uzitafute ku mbavu, na pale meno ya mupira inaanza, mu mifereji kati ya meno. Tumia torshi hata muchana, na uweke nuru kwa upande, haitoshi kuangalia ukisimama mbele. Mikunjo ndogo sana, sawa ngozi ya mukono wa muzee, ni alama kwamba saa imeanza kutembea. Ufa wenye kucha inaingia, ule ni wa kuita fundi wa mipira. Ufa wenye unaonyesha nyuzi za chuma, hapo hakuna tena mazungumuzo: mupira unatoka mu stoki.

Mayi yenye kukaa

Tunaona kwamba mu depo zetu jua linaogopwa kidogo na mvula haiogopwe hata kidogo. Ni makosa. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, mupira wenye uko inje bila kifuniko ni ndoo. Ukilala, unajaa pande zote. Ukisimama, mayi inakusanyika chini, mu tumbo lake, na haitoke hata ukiusukuma nusu duara, inatembea tu ndani. Inapaswa kuitoa na pompi ndogo ao kopo na kitambaa.

Yale mayi yanafanya kazi mbili mbaya. Ya kwanza: yanatafuta chuma. Mu mwili wa mupira wa leo kuko nyuzi za chuma, na zile njo zinabeba kila kitu. Raba ni nguo tu. Mahali raba imekatwa kidogo na jiwe, ao na ncha ya klarki wakati wa kushusha, mayi inaingia, inafika ku chuma, kutu inaanza. Kutu inatembea chini ya raba na haionekane inje. Siku moja banaweka ule mupira ku janti, banaufungulia hewa, bari 3, bari 5, bari 6, na nyuzi zenye ziliozea zinaachana moja nyuma ya ingine, upande wa mbavu, sawa mutu anafungua kabuti. Mlipuko wa namna ile unaua. Njo sababu mekanisie mwenye akili hasimame hata siku moja mbele ya mbavu za mupira wenye kujazwa. Anasimama upande wa meno, mbali, na mupira murefu wa kompresere wenye kumufikisha kule, na kwa mipira ya kamyo za barabara anatumia kizimba cha chuma. Kapita mwenye kusema hakuna wakati wa kizimba, mumuulize kama yeye atashika ule muti wa hewa na mukono wake.

Ya pili: mayi yenye inabaki ndani wakati wa kufunga ku janti inageuka mvuke mu kazi, inaharibu presio yenye mulipima asubui, na inakula janti. Janti yenye kutu haishike sawasawa mudomo wa mupira, hewa inatoka kidogo kidogo, mupira unapata joto. Tuko tunazungumuza juu ya mvua ya mwezi wa 1, na mateso yanafika mwezi wa 6.

Kivuli ni kazi ya nusu siku

Hatuombe majengo ya bei. Hanga yenye paa ya mabati, ile tunaita manjanja, bila kuta ao na kuta nusu, ni kitu kizuri kuliko vyote: kivuli kiko, hewa inapita, mvula inabaki inje. Chini, paleti za mbao ao changarawe yenye kupitisha mayi. Si juu ya udongo mwenye kugeuka matope, na si pale grupu inamwaga mazuti.

Kama hanga haiko, bashi. Lakini tuseme ukweli juu ya mabashi, sababu tumeona mengi yenye kudanganya. Bashi ya plastiki yenye kupitisha nuru haifae kitu: jua linaingia, joto inabaki ndani. Bashi nyeusi yenye kukazwa juu ya mupira inapika mupira. Yenye kufaa ni ile nzito, yenye nuru haipite, rangi nyeupe ao nyepesi inje, na isilale juu ya raba. Simamisha miti minne na kamba, ao mirija ya zamani, nyosha bashi juu kwa kuinamisha upande moja mayi itiririke, na uache inchi kadhaa chini hewa ipite. Ukiiacha inyonge katikati, mvula itatengeneza ziwa ndogo kule juu, na mbu watakuja kukushukuru.

Batu bamoja banaleta kontena. Kwa mipira ya kamyo za barabara, ile ya saizi 315/80R22.5, ni nzuri, inaingia bila shida. Lakini kontena ya kawaida iko na kimo cha meta 2.39 ndani, na mulango ni mufupi zaidi. Mupira wa 27.00R49 hauingie ukiwa umesimama, na kuulalisha kwa nguvu ni ile hasara yenye tulisema. Na kontena yenye kufungwa kabisa mu jua la Fungurume ni furu ya mukate. Ifunguliwe matundu ya hewa, iwekwe chini ya muti mukubwa ao ifunikwe na majani juu ya mabati.

Mipira mikubwa inasimama juu ya meno yake, hailali moja juu ya ingine. Yenye iko chini inapondwa, midomo yake inakaribiana, na siku ya kuifunga ku janti hewa inakataa kushika. Mupira wenye umesimama unapaswa kufungiwa na vizuizi vya mbao pande mbili, sababu tani moja na nusu ikianguka haiombi ruhusa. Kila mwezi ao miezi mitatu, uuzungushe kidogo, uso wenye ulikuwa chini uende juu. Usiuinue na munyororo ao kamba ya chuma kupitia mudomo: tumia mukanda mupana wa kitambaa. Mudomo wa mupira ukipata kovu, hata kama ngozi ni nzuri, umepoteza.

Na kuko akili moja ya bure kabisa. Panga mipira mu safu moja, imesimama ubavu kwa ubavu sawa makuta mu mukunjo wa karatasi, na safu itazame kaskazini na kusini. Jua la asubui na la jioni, lenye kupiga chini, litafikia meno, penye raba ni nene. Mbavu, penye raba ni nyembamba, zitajifunika zenyewe kwa zenyewe. Inabaki tu kufunika mwanzo na mwisho wa safu. Mu miezi ya 6 na 7 jua linaegemea kaskazini, kwa hiyo ule mupira wa mwisho upande wa kaskazini njo wa kufunika kwanza.

Ozoni nayo: usiweke mipira pembeni ya mahali pa sudire, ya moteri za umeme zenye kutoa cheche, ao ya chaja za batri. Mu garaji nyingi njo kinyume. Kona ya sudire na kona ya mipira ni kona moja, sababu zote mbili ni vitu vya kuchafua.

Mwisho wa kazi hii ni krayon. Andika tarehe ya kuingia ku kila mupira, kwa herufi kubwa, na yenye iliingia mbele itoke mbele. Hakuna kitu rahisi kuliko hii na hakuna kitu chenye kusahauliwa sana, sababu mupira wenye ulifika jana uko karibu na mulango na klarki inaushika kwanza. Kati ya 2005 na 2008, wakati bei ya shaba ilikuwa juu, mipira mikubwa ilikosekana mu dunia nzima, viwanda havikuweza kutosha. Tangu ile, kampuni zenye ziliteseka zinapenda kuwa na stoki nene. Tunaelewa. Lakini stoki nene bila kivuli na bila tarehe ni franga yenye kulala inje.

Kamyo yenye kusimama

Kuko pia mipira yenye haiko mu depo, iko tayari chini ya kamyo, na kamyo haitembei. Karyeri inafungwa kwa muda, sawa Mutanda mwishoni mwa 2019. Kampuni ya sutretansi inapoteza kontra. Pièce inangojewa kutoka inje. Mashini inasimama miezi, muzigo wake wote juu ya kipande kimoja cha kila mupira, jua upande moja. Njo mateso yote pamoja. Ikiwezekana, inua kamyo juu ya magogo na vyuma vya nguvu, uzito utoke ku mipira. Kama haiwezekane, bene iwe tupu, presio iangaliwe, kamyo isogezwe kidogo kila mwezi, na upande wa jua la magaribi upewe kivuli, hata kwa mapande ya zamani ya konvoya yenye kutundikwa.

Bashofere ba barabara ya RN1 banajua hadisi hii kwa namna ingine. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300, kisha karibu 90 mpaka Kasumbalesa, na kule mulolongo. Kamyo inasimama na muzigo wa shaba siku moja, mbili, mara ingine zaidi, na mipira inaiva upande moja. Hatuna dawa ya mulolongo. Tunaweza kusema hivi tu: usisimame juu ya mafuta yenye kumwagika kama kuko mahali pengine, sogea meta mbili wakati wengine banasogea, hata kama haikupe faida ya nafasi, weka kartoni ku mipira yenye kutazama jua la saa 9, na presio uipime asubui, mupira ukiwa baridi. Mwenye kutoa hewa mu mupira wa moto sababu namba iko juu, atatembea usiku na mupira wenye njaa.

Ku soko na ku nyumba

Bengi kati yenu muko na kamyo ndogo, Fuso ya kubeba muchanga, ao ndugu mwenye taksi-bisi. Munanunua mipira ya okazio ao "mupya wa depo". Mbele ya kuzungumuza bei, tafuta ku ubavu mu ile mustari yenye kuanza na herufi DOT. Mwisho wake kuko namba 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kama meno ni marefu na namba inasema miaka 8, uulize ulilala wapi. Ingiza mukono ndani: mustari wa mayi makavu, sawa ule mu ndoo ya zamani, unasema ukweli wenye muuzaji hatasema. Mupira wenye kungaa sana kuliko ingine mu safu, upanguse na kitambaa cheupe. Kikitoka na mafuta, ujue juu ya nini uliongezewa uzuri. Bei yake ishuke ao muachane.

Kisha bamama. Mipira yenye kufa shantie inafika mu site: ukuta wa kuzuia mayi, kiti, bustani ya sombe, mahali batoto banacheza. Ni vizuri, kitu hakitupwe bule. Lakini mupira mu lupango ni ile ndoo yenye tulisema. Mbu moja, yenye mistari nyeupe ku miguu, yenye kuuma muchana, anapenda mupira kuliko mahali pengine. Haiko ule wa malaria. Ni ule wa homa ya manjano, yenye iliingia kwetu kutoka Angola mwaka 2016, na wa chikungunya, yenye ilipiga Kongo Central mwaka 2019. Ndugu yake wa Asia alizunguka dunia ndani ya mipira ya zamani yenye kuuzishwa kati ya inchi na inchi. Mwaka 1985 balimukuta Houston, Marekani. Kutoka yai mpaka mbu mwenye kuruka, mu joto yetu, ni juma moja ao kumi siku.

Kumwaga mayi ni vizuri lakini haitoshe. Mayai yake yanashikana ku ukuta wa ndani wa mupira, juu kidogo ya mayi, na yanaweza kukauka miezi mingi bila kufa. Mvula ya kwanza ikigusa, yanaamuka. Inapaswa kusugua ndani na brosi ngumu. Na musichome mupira juu ya kuupoteza: ule moshi mweusi unaingia mu vifua vya batoto benu mbele ya kupanda juu. Kama unaulinda juu ya kiti ao mchezo, ujaze udongo mpaka mayi ikose nafasi. Kama unauninginiza ku muembe, toboa upande wa chini matundu matatu, kila moja nene sawa kidole gumba, sababu lenye kuwa dogo linazibwa na majani mu mvula ya pili.